Tusiyasingizie Maji: Kopo la Lishe na Meno ya Mtoto

Mazungumzo na wazazi wa watoto wa shule ya awali, Usa River

Wazazi wenzangu, hamjambo. Bibi zetu mlioketi kwenye benchi pale nyuma, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie vinywaji vya lishe: ule unga wa kwenye kopo unaokorogwa na maji, na zile chupa za mililita 200 anazonunuliwa mtoto asiyependa kula ili aongeze kilo. Nitafika huko. Lakini huku Meru huwezi kuligusa kopo kabla hujamalizana na maji.

Mtoto akionekana na doa kwenye jino hapa kwetu, hakuna anayeuliza. "Ni maji." Basi, kesi imekwisha. Na kweli maji yetu yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka mlima huu vinapita hapo, vingine mara kadhaa. Pale Ngurdoto kuna kituo kilichojishughulisha na kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe; hawakukiweka kwa kujifurahisha. Na wewe unayetia magadi kwenye makande, magadi nayo yana floraidi. Usiseme sikukwambia.

Tatizo ni kwamba maji yamekuwa yule mwizi wa kijijini, kuku wa kila mtu akipotea anakamatwa yeye.

Kuna bibi aliniletea mjukuu wa miaka mitatu. Meno manne ya mbele, ya juu, yalikuwa yamelika mpaka karibu na ufizi, yamebaki vipande vya rangi ya kahawia. Bibi akaniambia, "Daktari, maji yameshammaliza mjukuu wangu." Nikamwomba mtoto afungue kinywa zaidi. Meno ya mbele ya chini yalikuwa meupe kama tui.

Sasa niambieni, maji gani yanayochagua? Jino lililoharibiwa na floraidi hutoka kwenye ufizi likiwa tayari na madoa, na lile la kulia hufanana na mwenzake wa kushoto. Tena yanayoumia zaidi ni meno ya ukubwani, siyo haya ya utotoni. Huyu mtoto meno yake yalitoka safi, bibi mwenyewe alikumbuka, halafu yakaoza. Ya juu yakaoza na ya chini yakapona kwa sababu mtoto anyonyapo chupa, ulimi hulala juu ya meno ya chini, na mate yanayochimbuka chini ya ulimi huyasafisha. Ya juu hayana mtetezi.

Nikauliza, "Usiku anakunywa nini?" Mtoto aliwahi kushuka uzito, kliniki wakashauri kinywaji cha lishe, na bibi akafuata vizuri kabisa. Ila mtoto alikuwa analala na chupa mdomoni. Anashtuka saa nane za usiku, ananyonya kidogo, analala. Kilo zilirudi, na bibi hakukosea chochote alichoambiwa. Kosa ni letu watu wa afya: tulimwambia kuhusu kilo, hatukumwambia kuhusu meno.

Kinachotokea ni hiki. Kinywani mna bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi. Asidi ikifikisha pH ya kinywa (kipimo cha asidi; kikishuka, asidi ni kali zaidi) chini ya kama 5.5, gamba gumu la jino, yaani enameli, linaanza kupoteza madini. Mate huja kutuliza hali, lakini huhitaji muda, dakika 20 hadi saa nzima. Mtoto aliyemaliza kikombe chake kwa dakika kumi ameyashambulia meno mara moja. Anayezunguka uani na chupa ileile tangu saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana, funda moja sasa, jingine baadaye, hajayapa mate nafasi hata kidogo. Kiasi ni kilekile, madhara ni tofauti kabisa. Usiku ndio mbaya zaidi, maana aliyelala mate yake hupungua sana. Na enameli ya meno ya utotoni ni nyembamba kuliko ya ukubwani.

Jambo hili la kula sukari mara kwa mara lilithibitishwa Sweden, kwenye kituo cha Vipeholm, baada ya mwaka 1945, kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa: watu wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa makusudi, wengine pipi za kunata. Ni aibu ya taaluma yetu. Lakini majibu yalikuwa wazi. Sukari iliyoliwa pamoja na chakula iliozesha meno kidogo. Ile ya kunata, iliyoliwa kati ya mlo na mlo, iliyaozesha vibaya.

Geuzeni kopo, msome nyuma. Mtaona sukrosi na glukosi, ambazo ni sukari, na hasa neno refu, maltodekstrini. Hii ni wanga wa nafaka uliokatwakatwa. Ukiionja si tamu sana, na hapo ndipo inapotudanganya, kwa kuwa mate huivunja ikawa sukari na bakteria wakala. Uji wa lishe wa nyumbani nao, ukitiwa sukari vijiko vinne na kuingizwa kwenye chupa yenye chuchu iliyotobolewa iwe kubwa, ni hadithi ileile. Usijivunie kwamba wewe huna kopo.

Je, tuache vinywaji hivi? Hapana. Kama mtoto ameandikiwa na daktari au nesi, aendelee kunywa. Utapiamlo nao huharibu meno: huyachelewesha kutoka, na enameli iliyojengwa mwilini mwenye njaa hutoka dhaifu. Ninachoomba ni kubadili saa na chombo. Apewe pamoja na chakula au mara tu baada ya kula. Akitimiza mwaka, ajifunze kikombe. Akimaliza, maji matupu. Cha mwisho cha usiku kiwe kabla ya kupigwa mswaki, na baada ya hapo akiamka na kiu, maji. Siku tatu nne za mwanzo atalia na majirani watakusema. Vumilia.

Dawa ya mswaki yenye floraidi, mnaogopa, najua. Floraidi inayotia madoa ni ile inayomezwa wakati jino bado linaumbwa ndani ya ufizi. Inayopakwa juu ya jino huliimarisha. Kwa hiyo chini ya miaka mitatu, weka ya ukubwa wa chembe ya mchele; hadi miaka sita, punje ya njegere. Mswaki ushike wewe, na mtoto asiachiwe kulamba dawa kama asali.

Mama wa kitenge cha bluu umeuliza kuhusu dawa ya maji ya kuongeza damu, kwamba inaleta meno meusi. Ni kweli, madini ya chuma hutia weusi juu ya jino, lakini hayalitoboi, na weusi huo husafishika. Usimkatishe dozi. Zile vitamini laini za kutafuna kama pipi ndizo zinazonisumbua, maana hunata kwenye magego.

Sasa tuwaangalie watoto wenyewe. Mlaze mtoto, kichwa mapajani mwako, miguu yake kuelekea mbali nawe. Inua mdomo wa juu kwa kidole. Tafuta mstari mweupe kama chaki unaofuata ukingo wa ufizi. Jino lililofika hapo tu bado linaweza kurudishiwa madini bila kuchimbwa. Ukiona kahawia au shimo, njoo upande wangu huu. Bibi, tuanze na huyo uliyempakata.