Mtazamaji Anauliza Fedha Zake Ziko Salama?

Ndugu wanafunzi na walimu wenu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie maisha ya mwandishi wa habari za biashara na siasa kwenye televisheni, na nitaanza na hofu niliyoisikia kwa wengi wenu, kwamba bila shahada ya uchumi mlango umefungwa.

Haujafungwa. Komla Dumor wa Ghana alisomea sosholojia na saikolojia. Jina lake lilikua kwenye kipindi cha asubuhi cha Joy FM, Accra. BBC ilimchukua mwaka 2007, na mwaka 2009 akakabidhiwa kipindi cha televisheni kuhusu biashara barani Afrika. Alifariki Januari 2014 akiwa na miaka 41 tu. Kwa maoni yangu, redio ya asubuhi ndiyo iliyomnoa: pale unamuuliza mkubwa swali la msikilizaji, siyo swali la kumfurahisha mkubwa.

Hesabu, hata hivyo, huzikwepi. Chukueni mfumuko wa bei. Tuseme mwaka huu ni asilimia 8, mwaka ujao asilimia 5, na mtangazaji anatangaza kwa furaha kwamba bei zimeshuka. Hazikushuka! Kitu kilichouzwa 100 kilifika 108, kisha 113.4. Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Mtazamaji aliyetoka dukani jioni hiyo anajua ukweli, na ukimpoteza hapo, hata siku utakayosema kweli hatakusikiliza.

Sasa niwapeleke Uingereza, Septemba 2007, maana hapo ndipo kazi hii ilipopimwa kwelikweli. Tarehe 13 jioni, Robert Peston, mhariri wa biashara wa BBC, alitangaza kwamba benki ya Northern Rock imeiomba Benki Kuu ya Uingereza msaada wa dharura. Kesho yake foleni zilijaa milangoni mwa matawi, na kamera zikazionyesha, na waliokuwa nyumbani walipoziona nao wakatoka. Siku hiyo peke yake zilitolewa takriban pauni bilioni 1. Foleni zilianza kupungua baada ya serikali kutangaza, tarehe 17, kwamba itadhamini amana, yaani fedha walizoweka wateja. Februari 2008 benki ikataifishwa.

Wapo waliomlaumu mwandishi. Mimi simlaumu. Habari ilikuwa ya kweli, na ugonjwa ulikuwa ndani ya benki yenyewe: ilitoa mikopo ya nyumba ya miaka mingi kwa fedha ilizokopa kwenye soko la fedha kwa muda mfupi, na soko hilo lilipoganda Agosti, ikakwama. Kunyamaza kungewaacha wenye amana gizani huku wakubwa wakijua.

Lakini tazameni jambo moja. Wakati ule kinga ya amana, yaani fidia kwa wenye akiba benki inapoanguka, ilifidia pauni 2,000 za kwanza zote, na asilimia 90 tu ya pauni 33,000 zinazofuata. Zaidi ya hapo, hakuna. Mwenye pauni 35,000 angerudishiwa 31,700. Mwenye 60,000 pia angepata 31,700. Kwa hiyo yule mzee aliyesimama kwenye foleni na kitabu chake cha akiba hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Habari ya benki kuyumba isiyotaja kiwango cha kinga inamwongezea mtu hofu na kumnyima kipimo cha hofu hiyo. Picha ya foleni inapatikana kwa dakika chache. Kiwango cha kinga kinahitaji mtu aliyekwisha kuzisoma kanuni kabla benki haijayumba, na mtu huyo ni ninyi.

Februari 2009 Peston na waandishi wenzake waliitwa mbele ya kamati ya fedha ya Bunge kueleza nafasi ya vyombo vya habari katika msukosuko ule. Nanyi mtaitwa, kama si na Bunge, basi na mhariri, au na mama aliyefunga akaunti yake usiku kwa sababu ya sentensi yenu. Wekeni madaftari, wekeni nyaraka, andikeni nani alisema nini na saa ngapi. Na kama mna hisa katika kampuni mnayoiripoti, mhariri ajue kabla hamjaketi mbele ya kamera.