Ukienda Kumwona Mzee, Fungua Mfuko wa Dawa

Ndugu zangu, wanaonifahamu wanajua ninakoelekea, na aliyeanza kutabasamu pale nyuma nimemwona. Ndiyo, ni mfuko wa dawa tena. Nitaacha kuusema siku mtakapoanza kuufungua.

Mtu anasafiri siku nzima hadi mji mdogo huko ndani, anamkuta mama yake anacheka, wanapiga picha, anarudi akitangaza kwamba mzee hajambo. Mzee akipata mgeni hujikaza. Mfuko wa dawa haujui kujikaza.

Basi siku ya pili, si ile ya kufika, keti naye penye mwanga. Mwombe alete kila anachomeza, anachopaka na anachodondosha machoni, hata alichopewa na jirani. Akueleze mwenyewe: hiki lini, vingapi, cha nini. Usimsomee wewe, maana ataitikia "ndiyo" mpaka mwisho.

Kisha hesabuni. Alianza na vidonge 60 tarehe 1, viwili kwa siku. Asubuhi ya tarehe 21, kabla hajameza, vinapaswa kubaki 20. Vikibaki 45, anaruka. Vikibaki 5, anasahau kwamba ameshameza, anarudia. Kuna atakayeniambia huku ni kumpeleleza mzazi. Kumpeleleza ni kuufungua akiwa amelala! Na vikizidi, usigombe, uliza. Pengine anavibania kwa sababu duka la dawa liko mbali, anaogopa vitamwishia. Pengine dawa ya kupunguza maji mwilini inamkimbiza chooni, naye alikuwa na safari. Hiyo muulizeni daktari kama anaweza kuimeza asubuhi. Ikimezwa jioni humwamsha usiku, na gizani ndiko anakojikwaa.

Someni jina la dawa yenyewe, lile la maandishi madogo, si la kampuni. Boksi jekundu na boksi la bluu, ndani yote ni amlodipini, dawa ya presha: mzee anameza dozi mbili, miguu inavimba. Kisha anaongezewa dawa ya kutoa maji, kutibu uvimbe ulioletwa na dawa. Na hizi za maumivu! Diklofenaki na ibuprofeni huweza kupandisha presha na kuumiza tumbo na figo, hasa zikikutana na baadhi ya dawa za presha. Utasikia, "Hizo ni za kawaida tu, mtu ananunua bila cheti." Ndiyo maana hazikosekani mfukoni! Klorfeniramini ya mafua nayo huweza kumvuruga mzee akili na kumzuia mkojo, huku nyumba nzima inanong'ona kwamba uzee umemwingia vibaya.

Sasa msinielewe vibaya. Hukatishi dawa wewe, mgeni wa siku tatu. Nyingine zikikatwa ghafla presha hupaa au mapigo ya moyo huenda mbio. Andika orodha: jina, miligramu, saa ya kumeza, aliyeiandika. Nakala moja abaki nayo, moja ichukue, ya tatu muipeleke kliniki mkiwa pamoja. Zilizopita muda zirudishwe duka la dawa.

Pia apimwe presha akiwa amelala dakika 5, halafu apimwe amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe, hata kama mzee haoni kizunguzungu. Kipimo cha kukaa peke yake hakikuoneshi hilo.

Naoneshwa saa. Haya, haraka: zulia linaloteleza liondoeni, njia ya chooni iwe na taa, kucha za miguu zitazameni, na asiyesikia achunguzwe kwanza nta ya masikio kabla hamjaanza kumpigia kelele. Miwani nilikuwa na mengi, nayaacha.

Wewe uliyeinua mkono, uliza. Kama ni lile la "akikataa kunionesha je?", mwoneshe kwanza dawa zako.