Tunavyoandaa kipindi cha muziki kwa wazee wenye dimensia, hapa mtaani Tanga

Habari zenu jamani, karibuni. Leo naonyesha tunavyoandaa muziki kwa wazee wenye dimensia, ule ugonjwa wa kusahau ambao mtaani utasikia bibi karudi utotoni au karogwa. Hajarogwa, ni ugonjwa wa ubongo. Dawa ya kuuponya haipo, ila asubuhi nzuri unaweza kumtafutia.

Kwanza nyimbo, na hapa msiwe na haraka maana kazi yote iko hapa. Watu wanachukua simu wanaweka zilipendwa basi, alafu wanashangaa mzee kanuna. Nyimbo zinazomkaa mtu sana ni za ujanani, toka anabalehe mpaka ishirini na kitu hivi, kwaiyo piga hesabu, aliyezaliwa 1948 alifikisha miaka 20 mwaka 1968, huyo usimwekee za miaka ya tisini, hizo ni zako wewe. Kwa hapa Tanga tunaanzia na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na taarabu ya Black Star na Lucky Star. Lakini usiishie hapo, uliza nyumbani kwao: alikuwa anaenda dansi au alikuwa haruhusiwi kutoka? Aliimba kwaya? Tuna bibi mmoja dansi anakuangalia tu, ila ikianza kaswida anavuta mtandio anaufunga vizuri kwanza, ndo anaitikia. Tusingemuuliza binti yake tungekuwa tunampigia magitaa mpaka leo.

Ukishapata listi, pakua zote uweke kwenye flashi. Sisi mara ya kwanza tulipiga moja kwa moja mtandaoni, katikati ya wimbo likaingia tangazo la kubeti linapiga kelele, mzee akasimama anasema anataka kwenda kwake, na tulikuwa kwake hapohapo.

Muda ni saa nne asubuhi, wameshakunywa chai. Jioni hapana, jua likishuka wengi wanahangaika zaidi. Dakika 45 zinatosha, na wazee wasizidi wanane, kila mmoja na mtu wake wa nyumbani.

Viti mnaviona hapa, nusu duara, vyenye mikono ili mtu ajiinue mwenyewe, mkeka uliojikunja kona toa, choo kiwe karibu, tivii zima. Spika ndogo tu, ile ya harusi iacheni huko, asiyesikia vizuri msogeze karibu badala ya kuongeza sauti. Na ichajiwe usiku, umeme ndo kama mnavyoujua.

Hizi chupa tumetia choroko ziwe kayamba. Kifuniko zungushia selotepu mpaka basi, kuna mtu atafungua atafune.

Haya, wamefika. Nainama usawa wa macho yake, shikamoo babu, nataja jina langu mwenyewe, namwambia tumekuja kuimba. Usimuulize unanikumbuka, wala huu wimbo wa nani, huo ni mtihani na akifeli ameshaharibikiwa siku. Wimbo wa kufungulia ni uleule kila wiki, tena wa mdomo bila spika, maana rekodi haimsubiri mtu. Wewe unaweza kwenda taratibu, na akirudia ubeti mmoja mara tano mnarudia naye mara tano.

Sasa kamera shuka chini, hapohapo. Mnaona kidole gumba kwenye kandambili? Babu huyu hajatoa neno toka asubuhi na macho kafumba, lakini kidole kinakwenda na ngoma, hakikosei. Familia imeruhusu tuonyeshe mguu tu, sura hapana, na nyie mkirekodi ulizeni kwanza.

Mtu akilia usikimbilie kuzima. Kuna mzee akisikia gitaa la Mbaraka anamlilia kama kafa jana, na ile ajali ya gari ya Mombasa iliyomuua ni ya 1979. Tunamshika mkono anamaliza, alafu tunaingiza wimbo wa kuitikia. Ila akiziba masikio, akikunja uso, akianza kuvutavuta nguo, hapo zima, usibishane naye.

Wa kufungia nao ni uleule, alafu chai, na kabla ya kutia sukari uliza nani ana kisukari.

Wakishaondoka chukua daftari uandike kabla hujasahau wewe. Hili la kwetu, soma: wimbo wa tatu, kidole kimecheza mpaka mwisho. Wa tano, kaomba maji, kageuza kiti akaangalia ukutani. Wiki ijayo wa tano hatuupigi, na ule wa tatu tunaupiga mara mbili.