Jiandaeni Kusikia Majibu

Mabibi na mabwana, wengi wanaohamia nchi ambayo lugha yake hawaijui vizuri hukariri maswali. Swali linatoka vizuri, mwenyeji anajibu kwa kasi yake ya kila siku, na hapo ndipo mgeni anapokwama. Ombi langu leo ni kwamba miezi ya mwanzo mfanye mazoezi ya majibu zaidi ya maswali.

Anzeni na nambari, tena kwa masikio. Mjerumani akitaja 47 hutanguliza saba kisha arobaini. Mgeni huandika 74, akaenda chumba kisicho chake, au akapiga simu kwa mtu asiyehusika. Dawa yake ni imla: mtu, au programu ya simu, akusomee nambari 20 kwa kasi ya kawaida, uziandike, kisha usahihishe. Rudia kila siku mpaka usikosee. Baada ya hapo ingia kwenye saa, tarehe na siku za juma.

Pili, uliza swali lenye jibu finyu. Ukisema "Nije lini?" utamwagiwa maelezo. Sema "Nije Jumanne au Jumatano?" huku umeshika kalenda na kalamu, na umwombe karani aandike mwenyewe. Kisha mrudishie ulichosikia: "Jumatano, saa nne, chumba cha 12?" Ukiwa umekosea, atakusahihisha palepale.

Jihadharini sana na "ndiyo" ya haya. Mtu hajaelewa, anatikisa kichwa ili foleni isogee, kumbe amekubali mkataba wa nyumba wa miaka miwili. Usitie saini siku hiyohiyo. Omba nakala uende nayo. Tafsiri ya kamera ya simu yatosha kwa tangazo la ukutani. Kwenye mkataba huweza kudondosha neno la kukanusha, na "hutarudishiwa" ikasomeka "utarudishiwa". Vifungu vya dipoziti, notisi na matengenezo avipitie mtu anayeijua lugha.

Ulizeni pia watu wa huko wanazungumza nini hasa. Aliyesoma Kiarabu fasaha ataelewa taarifa ya habari akiwa Moroko, ila sokoni, penye lahaja ya mtaani, ataachwa nyuma.

Hospitali ndiko kwenye hatari kubwa. Beba karatasi moja iliyotafsiriwa: maradhi yako, mzio, na dawa unazotumia, kila moja na miligramu zake na mara ngapi kwa siku. Andika jina la dawa yenyewe, maana jina la kibiashara hubadilika ukivuka mpaka. Hata hivyo angalia, jina hilo nalo huweza kutofautiana: parasetamo, kwa mfano, Marekani huitwa acetaminophen. Na tafadhali, msimfanye mtoto kuwa mkalimani wa daktari kwa sababu tu ameshika lugha haraka shuleni. Ataruka asichokielewa, na habari mbaya atawaficha wazazi wake au ataibeba peke yake. Mkalimani aombwe siku ya kupanga miadi; ukingoja hadi siku yenyewe, mara nyingi hayupo.