Kufuga funza wa unga kwa ajili ya kuku: usilishe mbegu

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Nianze na jina kabla mtu hajakimbia, nikisema funza sisemi wale wanaoingia kwenye vidole vya miguu, wala wale wa kwenye nyama iliyooza. Hawa ni funza wa unga, mabuu wa mbawakawa mmoja mweusi, wataalamu wanamwita Tenebrio molitor. Wana rangi ya manjano iliyoiva, wakikomaa wanafika sentimita 2 na nusu hadi 3 hivi, na ukiwatunza vizuri hawanuki. Kwenye maghala ya nafaka ni waharibifu, watu wanahangaika kuwaua, sa sisi leo tunawakaribisha wenyewe.

Mi nilianza vibaya, ngoja niwaambie. Nilipata kama 500, nikawaweka kwenye beseni na pumba za ngano, wiki zikaenda, nikaona wengine wamejikunja, weupe, hawali, hawatembei, ukiwagusa wanatikisa kitako kidogo tu basi. Nikasema hawa wanakufa, bora kuku wafaidi. Kila asubuhi nachambua, namwaga bandani, kuku wanagombania, mi najiona msafi kweli kweli. Kumbe walikuwa pupa! Yaani funza anayegeuka kuwa mbawakawa, na mbawakawa ndo anayetaga. Miezi miwili hivi beseni likabaki pumba tupu, nikabaki najiuliza mbona hawazaliani. Watazaliana vipi na wazazi wote wameliwa?

Kwa hiyo mkitoka hapa shikeni hilo kwanza, pupa na mbawakawa ndo mbegu yenu, msiwape kuku. Mengine ni rahisi.

Sasa mzunguko wenyewe. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mia kadhaa, wapo wanaofika 500. Yai ni dogo sana na lina gundi, linanasa kwenye pumba, usijisumbue kulitafuta. Kwenye joto la nyuzi 25 mpaka 28 linaanguliwa ndani ya wiki moja au mbili. Afu buu anakula anakula, anajivua ngozi mara kumi na zaidi, na kila akijivua anakuwa mweupe laini kwa muda mfupi (huyo sio pupa, pupa amejikunja na hana mwendo), hapo miezi miwili mitatu inaisha. Pupa anakaa wiki moja mpaka tatu, anatoka mbawakawa mweupe, anakuwa kahawia, baadae mweusi tii, anaishi miezi miwili au mitatu. Ukijumlisha, kuanzia funza uliowaleta mpaka uvune watoto wao ni kama miezi mitano hivi, na kukiwa na baridi ni zaidi. Anayekwambia mwezi mmoja anakudanganya au amenunua tena.

Halafu kuna jambo watu hawalijui, wapo funza wakubwa ajabu wanaouzwa kwa ajili ya wavuvi, wengine wametiwa homoni ili wasigeuke. Utawasubiri mpaka uzeeke. Uliza kabla ya kuchukua.

Vyombo: masanduku matatu ya plastiki yenye kuta laini, maana kwenye ukuta laini hawapandi, na mbawakawa ingawa ana mbawa huwezi kumuona akiruka kirahisi. Moja la mbawakawa, moja la pupa, moja la mabuu wanaokua. Kwa nini kuwatenganisha, kwa sababu mbawakawa hana huruma, anakula mayai yake mwenyewe na pupa akimkuta. Kila baada ya wiki mbili nachekecha, mbawakawa wanahamia kwenye pumba mpya, zile za zamani zenye mayai naziacha kabisa, sizigusi mpaka nione pumba zinachezacheza zenyewe. Mnaojua kupepeta nafaka kazi hii mshaijua. Ila vaeni barakoa, lile vumbi la mavi yao wapo watu linawaletea pumu na kuwashwa, japo bustanini ni mbolea nzuri sana.

Chakula ni hizo pumba, sentimita chache tu kwenda chini, na ni vizuri kuziweka kwanza kwenye friza siku mbili tatu ili wadudu wengine walioingia nazo wafe. Maji je? Usiweke maji!! Nimeshaona mtu ameweka kibakuli, wamezama wote. Kipande cha karoti au kiazi kinatosha, kikibaki kesho kutwa kitoe. Pumba zikilowa unapata ukungu, na baada ya ukungu unapata utitiri, utauona pembeni ya sanduku kama vumbi linalotembea. Ukifika hapo nyima kila kitu chenye maji siku kadhaa, kausha, badilisha pumba. Wengi hawaui funza kwa njaa, wanawaua kwa ukarimu.

Na sanduku lisikae ndani ya banda la kuku. Mbawakawa akila kinyesi cha kuku anaweza kubeba mayai ya tegu, kuku akimla mbawakawa, tegu amerudi tumboni. Umejifugia ugonjwa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye hesabu, hapa wengi mtaninunia. Funza mkubwa ana kama gramu 0.1 au zaidi kidogo. Ukimpa kuku funza 20 kwa siku umempa gramu 2 hivi, na sehemu kubwa ya hiyo ni maji, protini haifiki nusu gramu. Kuku anayetaga anakula kama gramu 115 za chakula kwa siku, chenye protini asilimia 16 anapata gramu 18. Umeona? Kuku watano tu kwa kiwango hicho wanamaliza funza 3000 kwa mwezi, na bado hujapunguza gunia la chakula. Kwa hiyo anayefuga funza ili aache kununua chakula, mi namwambia aache mapema. Hiki ni kitoweo cha kuku. Kinasaidia anaponyonyoka manyoya, maana manyoya ni protini, na kinamfanya akufuate, hata yule mkali anakula mkononi.

Tena kalsiamu yao ni ndogo, fosforasi nyingi, kwa hiyo kuku wa mayai asikose maganda ya chaza au ya mayai yaliyosagwa pembeni.

Kuna dada ameuliza kuhusu friji. Ndiyo, mabuu wakizidi unawaweka kwenye nyuzi kama 7, wanalala, hawakui. Kila wiki watoe siku moja wale karoti, warudishe. Ila mbawakawa na pupa usiwaweke humo, na andika kwenye kopo, mi kwangu mtu alifungua akidhani ni korosho.