Leo Mwezi Ngapi? Maneno ya Mwalimu kwa Wanaokwenda Kupiga Kambi Mbudya

Marahaba, marahaba. Kaeni tafadhali. Ahsante mwenyekiti wa klabu.

Ratiba yenu nimeisoma. Mnataka kuvuka kutoka Kunduchi hadi Mbudya, mlale huko, mzunguke kisiwa na kuchunguza mwamba. Nikauliza, kwa nini Jumamosi hiyo? Nikajibiwa kwamba bumu, fedha yenu ya mkopo wa masomo, litakuwa limeshaingia. (Kicheko.) Naielewa kabisa sababu hiyo. Lakini nendeni pale ufukweni mkazungumze na wavuvi, nao watawauliza kwanza: leo mwezi ngapi?

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, ndipo tunapata bamvua. Hapa Dar es Salaam, wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu yanakuja maji mafu, tofauti inapungua sana. Hayo mmeyasoma. Msilolisoma ni saa zake. Kwenye pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi, halafu usiku saa hizohizo, na kila siku hukawia kama dakika 50. Yaani siku za bamvua mwamba unabaki wazi mchana kweupe, mnaona kila kitu. Siku za maji mafu, saa nne hiyohiyo ya asubuhi maji yamejaa, na mwamba mtaufuata chini kwa miwani ya kuogelea.

Kwa hiyo amueni kwanza mnakwenda kufanya nini. Kama ni kuogelea na kuchoma samaki, wala siwacheki, maji mafu yanawafaa. Kama ni uchunguzi, nendeni siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Ingieni mwambani wakati maji bado yanatoka, mgeuke kabla hayajaanza kurudi. Nalisisitiza hili kwa sababu maji hayaji kwa mbele tu kama mnavyodhani. Hupita kwenye mifereji na kujaza madimbwi yaliyo nyuma yako, kati yako na ufuko, wewe huku umeinama unamtazama pweza. Na vaeni viatu vya soli ngumu. Ndala zenu ziacheni hosteli.

Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni eneo tengefu tangu 1975. Kibali kinatoka Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na kiwe mkononi kabla hamjalipa boti. Hakuna kuvua, hakuna kukanyaga matumbawe hai, hakuna kuokota makombe. Najua mtasema kombe tupu halina mwenyewe. Linaye: kuna kaa wasio na gamba tumboni, nyumba yao ni makombe ya konokono waliokufa. Ukibeba moja kwenda kupamba meza, yupo aliyekosa pa kuhamia.

Usiku mkibahatika mtamwona kaa mwingine, mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, anayepanda minazi na kupasua nazi. Anaweza kufika kilo 4. Huanza maisha baharini akiwa mdogo sana, lakini akishakua, ukimtia majini anazama na kufa. Mtazameni kwa mbali. Kucha zake hazina utani.

Maji ya kunywa mtabeba yote. Kisiwa chenyewe ni matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya bahari, jiwe lenye matundu, mvua ikinyesha inapenya moja kwa moja. Mito msiitegemee. Mimi nahesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku, kunywa na kupika, na madumu yapangwe katikati ya boti. Jaketi okozi kila mtu avae, hata yule anayejisifu kazaliwa Kigamboni.

Swali la Mafia nimeliona kwenye karatasi: kwa nini msiende kisiwa cha Mafia badala ya Mbudya? Mafia ni safari nyingine: hifadhi ya bahari ya kilomita za mraba 822, iliyoanzishwa 1995, na papa potwe wanaonekana zaidi kuanzia Oktoba. Inahitaji siku nyingi na fedha nyingi. Anzeni na hapa.

La mwisho, binti wa nyuma kauliza mahema yapigwe wapi. Upande unaotazama bara, hasa msimu wa kusi, maana upande wa pili upepo hautawaacha mlale. Chini ya mivinje pana kivuli kizuri. Ila mkifika, tafuteni mstari wa majani makavu yaliyotupwa na bahari, mpige mahema juu yake, tena mbali nao. Bamvua likipwa saa nne asubuhi, basi lilikuwa limejaa saa kumi alfajiri. Saa hiyo mimi nitakuwa kitandani kwangu Sinza, simu nimezima.