Klachi moja, injini mbili: kuseti klachi ya snoumobili ya mlimani yenye turbo

Haya jamani, habari zenu, waliosimama nyuma sogeeni mbele manake nitashika vyuma hapa na nataka kila mtu aone. Leo ni klachi tu, ya snoumobili, hizi mashine za kutembea juu ya theluji. Najua wengi mlitaka tuongelee turbo yenyewe, ile feni inayozungushwa na gesi ya ekzosi na kusukumia injini hewa zaidi, busti ngapi, yaani presha ya hiyo hewa, mafuta gani, lakini nimeona watu wengi sana wamenunua nguvu na ile nguvu haijawahi kufika kwenye theluji, inaishia kwenye mkanda, inaunguza raba na kunuka. Hicho kitu kinaniuma kwa kweli.

Nianze na kitu ambacho wengi mnakijua ila tukikumbushane haraka. Klachi zetu hazina gia za kubadilisha, ni puli mbili na mkanda katikati. Ya mbele inakaa kwenye krankishafti, ndani yake kuna weiti, vile vipande vya uzito, injini ikizunguka weiti zinataka kutoka nje, zinasukuma puli ibane mkanda, na springi inazipinga. Sasa nguvu ya kutupwa nje haiongezeki pole pole, inaongezeka kwa mraba wa mzunguko, yaani ukitoka rpm 4000, mizunguko kwa dakika, kwenda 8000 nguvu ni mara nne na siyo mara mbili. Ndo maana gramu chache tu huku juu unazisikia. Klachi ya nyuma ina springi yake na heliksi, ule mteremko uliokatwa kwa pembe, na yenyewe inasikia torki, nguvu ya kuzungusha: treki, ile raba ya chini inayosukuma theluji, ikielemewa inabana mkanda na kurudisha gia chini, yaani mkanda unarudi kwenye uwiano wa polepole. Weiti nzito, rpm inashuka. Weiti nyepesi, rpm inapanda. Springi ya mbele ina namba mbili, nguvu yake mwanzoni na nguvu yake ikishabanwa: namba ya kwanza inaamua klachi inaanza kushika mkanda kwenye rpm ngapi, namba ya pili inaamua huku mwisho. Heliksi yenye pembe kali inapandisha gia haraka na rpm inashuka, pembe ya kulala inashikilia gia ya chini na inarudi haraka ukiachia na kubonyeza tena.

Mpaka hapo ni sawa kwa mashine yoyote.

Sasa turbo. Injini ya kawaida ukipanda nayo mlima inakonda, yaani inapungua nguvu, kwenye mita 3000 presha ya hewa ni kama asilimia 70 tu ya ile ya usawa wa bahari, kwa iyo watu wana chati, kila ukipanda unapunguza gramu. Turbo inalipa ile hewa iliyopotea. Ski-Doo walipotoa 850 E-TEC Turbo ya modeli ya 2020, ile turbo ya kwanza ya kiwandani kwenye tu-stroki za theluji, yaani injini za mipigo miwili, ahadi yao ilikuwa hp 165 mpaka futi 8000, kama mita 2400, na kompyuta ndo inaongeza busti kadiri unavyopanda. Maana yake kwa klachi ni kwamba ile chati ya kupunguza gramu haikuhusu tena kwa namna ile ile, nguvu haijaondoka, ukipunguza weiti kwa mazoea injini inapaa mpaka inagonga limita, kile kizuizi cha rpm.

Watu wakishaelewa hapo wanakimbilia kuongeza weiti, wanaongeza, wanaongeza, na hapo ndo kosa linaanza, nisikilizeni vizuri manake hiki ndo nilichokuja kusema. Mashine ya turbo ina injini mbili ndani ya bodi moja. Kuna injini kabla busti haijafika na kuna injini baada ya busti kufika, ya kwanza ni dhaifu na ya pili ina nguvu, na klachi ni ile ile moja. Ukiiseti kwa ile yenye nguvu, ile dhaifu inabebeshwa mzigo isioweza, unabonyeza eksileta inakoroma kwenye rpm 7000, gesi ya ekzosi ni kidogo, turbo haipati cha kuizungusha, na wewe umeshazama kwenye theluji. Ukiiseti kwa ile dhaifu, busti ikifika injini inaruka juu ya pawa yake, ile rpm inayotoa nguvu zaidi, kelele nyingi, mkanda unateleza, mlima hauendi.

Na wala siyo kwamba mzigo ni adui, hapana, turbo inataka mzigo. Injini ikizunguka bure haichomi mafuta ya kutosha kutengeneza busti. Kwa iyo tunatafuta mzigo unaoongezeka sambamba na nguvu, mwanzo mwepesi na mwisho mzito, na hapa ndo nazipenda sana hizi weiti za kuongezea skrubu, hebu pitisheni hii mkono kwa mkono muione. Karibu na pini inayoishikilia hapa, kisigino, uzito wake unasikika zaidi mwanzoni. Huku kwenye ncha unasikika zaidi puli ikishaanza kujibana, spidi ikiwa kubwa. Gramu ni zile zile, mahali pa kuziweka ndo pamebadilika.

Tuseme kitabu cha mashine yako kinataka rpm 8000. Unavuta, yaani unabonyeza eksileta mpaka mwisho, inakaa 7300 sekunde mbili tatu, halafu busti inafika inakaa 8000 safi. Usiguse ncha! Toa kwenye kisigino. Mwingine inaanza 8000 vizuri halafu busti ikija inaenda 8500, huyo aongeze ncha. Mwingine anaanza sawa, busti sawa, ila kadiri treki inavyopata spidi rpm inateremka mpaka 7700, huyo ncha imezidi au ile namba ya pili ya springi ni ndogo, na huyo asichelewe, injini ya tu-stroki ikilemewa chini ya pawa yake huku busti imejaa ndo inaanza kugonga, mafuta yanalipuka vibaya ndani, na pistoni haina msamaha. Weiti zote lazima ziwe na gramu sawa, pima kwenye mizani, usikadirie.

Heliksi mimi naanza na pembe moja iliyonyooka mpaka weiti zikae, manake ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hujui kipi kimekujibu.

Halafu joto. Bomba la ekzosi la tu-stroki linafanya kazi kwa mawimbi ya sauti, na sauti kwenye gesi ya moto inakimbia zaidi, kwa iyo bomba likichemka pawa inahamia rpm ya juu kidogo. Ukivuta mita 100 kwenye njia ngumu bomba bado baridi, ile namba uliyosoma siyo namba ya mlimani. Seti kwenye theluji ya kina, mvuto mrefu, mahali ambapo mlima umeshakaguliwa na hamna hatari ya poromoko, tafadhalini sana kwenye hilo. Ukisimama, zima, fungua kava, pima joto la puli zote mbili. Ile iliyochemka kumzidi mwenzie mara nyingi ndo mkanda unakotelezea. Na turbo inaleta torki kubwa kwa ghafla, kwa iyo springi ya nyuma iliyotosha injini ya kawaida inaweza isitoshe.

Msimu mmoja nilipoteza siku mbili nzima nabadilisha weiti, kila mvuto wa tatu rpm inashuka, nikalaumu busti, nikalaumu mafuta, kumbe bushi ya puli ya mbele, ile pete inayoteleza kwenye shafti, imelika, puli inakwama ikipata moto. Tangu hapo sianzi kuseti chochote kabla ya kuangalia bushi, rola, ulegevu wa mkanda, na puli ziwe kavu bila mafuta. Na msiwashe mashine na kuivuta mkanda ukiwa umetolewa, klachi isiyo na mzigo inaweza kupasuka.

Ndio kaka, swali lako. Anauliza kwa nini mashine yake iko sawa ikipanda moja kwa moja ila akiachia katikati ya miti na kubonyeza tena inachelewa. Kaka, weiti zako usiziguse, hiyo ni ya nyuma: busti imeshuka na klachi bado iko gia ya juu, haijarudi chini. Laza pembe ya heliksi digrii mbili, vuta, kisha angalia rpm ya mwisho kama imepanda, ikipanda rudisha kwa gramu ya ncha.